Kilichopimwa na Kisichopimwa: Sayansi, Takwimu na Uzalishaji wa Chakula katika Wilaya za Mbulu na Hanang, kutoka Miaka ya 1940 hadi 1994

Ikisiri

Insha hii inachunguza jinsi sayansi na takwimu zilivyotumika katika juhudi za kuongeza uzalishaji wa chakula katika eneo ambalo leo ni wilaya za Mbulu na Hanang, Mkoa wa Manyara. Mifano mitatu inalinganishwa: kilimo cha Wairaqw katika nyanda za juu za Irqwar Da'aw, Mpango wa Maendeleo wa Mbulu uliobuniwa na serikali ya kikoloni baada ya Vita Kuu ya Pili, na mradi wa ngano wa Basotu uliofadhiliwa na Kanada. Inajengwa hoja kwamba tatizo la miradi hiyo miwili ya kiserikali halikuwa upungufu wa sayansi. Tatizo lilikuwa uteuzi wa kipimo, kwani kilichohesabiwa kilionekana na kulindwa, na kisichohesabiwa kilichukuliwa kuwa hakipo. Insha inahitimisha kwamba takwimu haziwezi kuwa msingi wa uzalishaji endelevu wa chakula iwapo hazipimi pia muda mrefu, mzunguko mzima wa matumizi ya ardhi, na hasara inayowaangukia watu wasioonekana katika hesabu za mavuno.

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya sasa kuhusu usalama wa chakula Afrika Mashariki, takwimu hutajwa kama nyenzo ya lazima. Serikali hufanya sensa za kilimo, taasisi za utafiti hutathmini mbegu, na wafadhili hudai viashiria vya mafanikio kabla ya kutoa fedha. Msimamo huo una sababu zake, kwa kuwa mkulima asiyejua hali ya udongo wake, au serikali isiyojua kiasi cha nafaka kilichopo ghalani, hulima na kupanga kwa kubahatisha. Hata hivyo, historia ya Mbulu na Hanang inaonesha kwamba eneo hili halikukosa kupimwa. Kwa takribani nusu karne lilikuwa miongoni mwa maeneo ya vijijini yaliyochunguzwa sana nchini. Mifugo ilihesabiwa, udongo ukachambuliwa, mvua ikarekodiwa, na mavuno ya ngano yakaandikwa shamba kwa shamba. Pamoja na hayo, sehemu ya wakazi wake walipoteza ardhi na malisho wakati takwimu za uzalishaji zikipanda.

Swali linaloongoza insha hii ni hili: kwa nini wingi wa data haukuzuia hasara hiyo? Ili kulijibu, insha inafuatilia kile kilichochaguliwa kuwa kipimo katika kila kipindi, nani alikichagua, na kitu gani kiliachwa nje ya hesabu. Ushahidi unaotumika ni tafiti za kihistoria na kijiografia zilizochapishwa kuhusu eneo hili, pamoja na hukumu za mahakama za Tanzania.

2.0 Mazingira na Watu wa Eneo Husika

Wilaya za Mbulu na Hanang ziko upande wa magharibi wa Bonde la Ufa. Wakati wa ukoloni, nchi ya Hanang ilitawaliwa kama sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Baada ya uhuru ilitengwa kuwa wilaya inayojitegemea, na Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa mwaka 2002 kwa kuugawa Mkoa wa Arusha, wilaya zote mbili zikawa chini ya mkoa huo mpya. Upande wa kaskazini kuna nyanda za juu zenye baridi na mvua ya kutosha, zinazokatika ghafla kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Upande wa kusini unasimama Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, na magharibi yake zinatandaa tambarare za Basotu zenye udongo mweusi wa mfinyanzi na ziwa dogo lenye jina hilohilo.

Wakazi wakuu wa nyanda za juu ni Wairaqw, ambao Waswahili wengi huwaita Wambulu. Wao ni wakulima na wafugaji wa lugha ya Kikushi. Tambarare za Hanang zilikuwa nchi ya Wabarabaig, kundi kubwa la Wadatoga, wafugaji wa lugha ya Kiniloti. Makundi haya mawili yamepigana, yameoana, yamebadilishana nafaka na mifugo, na yamekopeshana ng'ombe kwa vizazi vingi. Kuyatenga katika mafungu ya "wakulima" na "wafugaji" ni urahisi wa kiutawala kuliko uhalisia wa maisha yao.

3.0 Irqwar Da'aw: Kilimo Kilichodumu bila Takwimu Rasmi

Irqwar Da'aw, yaani eneo la Kainam na vijiji vinavyolizunguka kusini-mashariki mwa mji wa Mbulu, linahesabiwa na Wairaqw kuwa chimbuko lao. Ni nchi ya vilima vyenye miteremko mikali na watu wengi. Kwa kanuni za kawaida za hifadhi ya udongo, nchi ya namna hiyo ingetarajiwa kuwa imechakaa zamani. Kinyume chake, ililimwa mfululizo kwa karne kadhaa.

Siri yake ilikuwa katika kazi. Ng'ombe walilazwa ndani ya nyumba, samadi ikakusanywa na kubebwa hadi mashambani. Magugu yalifukiwa chini ya udongo ili yaoze, na matuta yakapangwa kukinga maji. Mabonde yenye unyevu yalichimbiwa mifereji ya kutolea maji ili yalimike, na sehemu nyingine zikaachwa kwa ajili ya majani ya mifugo. Mtama, ulezi, maharage, viazi vitamu, na baadaye mahindi, vilipandwa kwa mpangilio uliozingatia mteremko na unyevu. Mwenye ng'ombe wengi kuliko malisho yake aliwakopesha ndugu au rafiki katika eneo jingine. Kwa njia hiyo mzigo wa mifugo ulisambazwa, hatari ya ukame na magonjwa ikagawanywa, na aliyekopeshwa akapata maziwa na samadi.

Wataalamu wa awali walieleza hali hii kwa nadharia ya kuzingirwa. Walidai kwamba Wairaqw walijibana vilimani kwa kuogopa mashambulizi ya Wamaasai, na kwamba msongamano huo ndio uliowalazimisha kulima kwa bidii. Lowe Börjeson, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2004 huko Stockholm, aliihoji nadharia hiyo kwa kuchunguza historia ya mandhari yenyewe. Alionesha kwamba kilimo hicho kilijengwa hatua kwa hatua, kwa kazi ndogondogo za kila msimu zilizolimbikizana, na kwamba kilitegemea mahusiano ya kijamii na kiuchumi na watu wa maeneo jirani. Kwa hiyo ardhi yenye rutuba ya Kainam ilikuwa mali iliyotengenezwa na vizazi vilivyoirithishana.

Jambo hili lina uzito katika hoja ya insha. Maarifa ya Irqwar Da'aw yalikuwa ya kimajaribio kwa maana kamili: yalitokana na kutazama, kulinganisha na kurekebisha. Hata hivyo, hayakuandikwa katika majedwali. Yalihifadhiwa katika desturi za kugawana mashamba, katika miiko ya kulinda chemchemi, na katika mikutano ya wazee waliokuwa na mamlaka ya kuzuia matumizi mabaya ya ardhi. Afisa aliyefika na daftari la kuhesabia hakuwa na safu ya kuyaandika.

4.0 Mpango wa Maendeleo wa Mbulu na Hesabu ya Mifugo

Mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya Tanganyika, kama serikali nyingine za kikoloni za Uingereza, ilishikwa na hofu ya mmomonyoko wa udongo. Mbulu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoandaliwa mpango maalumu wa maendeleo. Mpango huo ulikuwa na sehemu mbili kuu. Ya kwanza ilikuwa kufyeka vichaka ili kuwafukuza mbung'o na kufungua ardhi mpya kwa watu waliosongamana. Ya pili ilikuwa kupunguza mifugo kwa lazima, pamoja na kusimamia kanuni za hifadhi ya udongo.

Sehemu ya kwanza ilikuwa na matokeo makubwa. Familia nyingi za Wairaqw zilihamia katika ardhi mpya, na upanuzi wao kutoka nyanda za asili, uliokuwa umeanza tangu mwanzo wa karne, ukaongezeka kasi. Sehemu ya pili iliegemea kipimo kimoja: idadi ya mifugo ambayo eneo fulani la malisho linaweza kubeba. Idadi hiyo ilipokadiriwa, mifugo iliyozidi ilihesabiwa kuwa ziada inayopaswa kuuzwa.

Kipimo hicho kilikuwa na mantiki katika nchi zenye mvua isiyobadilika sana na mashamba yaliyozungushiwa uzio. Katika nchi ya Mbulu kilikosa mambo mawili. Kwanza, kilichukulia kwamba kila kundi la mifugo lina eneo lake la kudumu, ilhali ng'ombe walihamishwa kwa majira na kukopeshwa mbali. Pili, kilichukulia kwamba mfugo una thamani ya nyama na ngozi tu. Samadi iliyorutubisha mashamba haikuingizwa katika hesabu, ingawa kupunguza ng'ombe kulikuwa na maana ya kupunguza mbolea. Katika miaka ya 1980 na 1990 wanaikolojia walianza kuitilia shaka dhana hii ya idadi isiyobadilika. Utafiti wa Ellis na Swift kuhusu Turkana, Kenya, uliotolewa mwaka 1988, ulionesha kwamba katika maeneo ambako mvua hubadilika sana mwaka hadi mwaka, uhamaji ndio mkakati unaolinda malisho. Hata hivyo, sayansi hiyo ilikuja baada ya sera nyingi kuwa zimekwisha kutekelezwa.

Operesheni Vijiji ya miaka ya 1974 hadi 1976 ilirudia kosa la namna hiyo kwa sura nyingine. Mwanahistoria Yusufu Lawi ameeleza jinsi watu wa Iraqw mashariki walivyohamishwa kutoka makazi yaliyotawanyika na kupangwa katika vijiji vya pamoja, bila kuzingatia ufahamu wao wa kiikolojia. Idadi ya kaya zilizohamishwa ilikuwa rahisi kuripotiwa. Umbali mpya kati ya zizi na shamba, ambao uliongeza mzigo wa kubeba samadi, haukuwa kiashiria katika ripoti yoyote ya operesheni.

5.0 Ngano ya Basotu

5.1 Mradi na Mafanikio yake ya Kitaalamu

Baada ya uhuru, mahitaji ya mkate na unga wa ngano mijini yaliongezeka. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisisitiza kujitegemea, na kuagiza ngano kutoka nje kulimeza fedha za kigeni. Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, lililojulikana kwa kifupi cha NAFCO, lilianzishwa mwaka 1969 ili kuendesha mashamba makubwa ya umma. Kwa msaada wa Kanada, tambarare za Basotu zilichaguliwa kuwa kitovu cha kilimo cha ngano. Kwa macho ya mtaalamu aliyetoka katika nyika za Kanada, mahali hapo palifaa: ardhi tambarare, miti michache, udongo mzito unaohifadhi unyevu, na hali ya hewa ya wastani.

Hadi miaka ya 1980 mashamba saba yalikuwa yamefunguliwa: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret. Kila moja lilikuwa na ukubwa wa takribani ekari 10,000. Matrekta, mashine za kupandia na za kuvunia ziliagizwa kutoka Kanada, na Watanzania walipelekwa huko kusoma. Katika kituo cha utafiti cha Selian, Arusha, aina mpya za mbegu zilizalishwa na kujaribiwa, zikiwamo zilizopewa majina ya Mbuni, Viri, Azimio na Juhudi. Kazi hiyo ya utafiti haipaswi kubezwa. Kutu ya ngano hubadilika daima, na nchi isiyo na watafiti wa mbegu hubaki bila kinga. Hatari hiyo ilidhihirika upya baada ya aina kali ya kutu ya shina kugunduliwa Uganda mwaka 1998 na kuenea katika nchi jirani.

Kwa kipimo cha mavuno, mradi ulionekana kufaulu. Katika miaka ya 1980 mashamba ya Hanang yalitoa sehemu kubwa ya ngano yote iliyolimwa nchini. Ripoti ziliweza kuonesha ekari zilizolimwa, tani zilizovunwa, na idadi ya wataalamu waliohitimu. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Ottawa, hizo zilikuwa takwimu za kutia moyo.

5.2 Kilichoachwa nje ya Hesabu

Uhakiki wa kiuchumi ulianza mapema. Mwaka 1982 Linda Freeman alichapisha uchambuzi uliohoji manufaa ya mradi kwa maendeleo ya vijijini. Hoja iliyojitokeza katika mjadala huo ilikuwa kwamba ngano iliyolimwa kwa mashine, vipuri, mafuta na pembejeo kutoka nje haikuiondolea nchi utegemezi, bali ilibadilisha kinachoagizwa. Aidha, mashamba hayo yaliajiri watu wachache yakilinganishwa na ukubwa wa ardhi yaliyoichukua, na mkate ulikuwa chakula cha mijini.

Hata hivyo, hasara nzito zaidi haikuwa ya fedha za kigeni. Charles Lane, aliyeishi na kufanya utafiti miongoni mwa Wabarabaig, alieleza mfumo wao wa malisho kwa kina. Wabarabaig waliigawa nchi yao katika aina mbalimbali za malisho kulingana na udongo, maji na majira. Tambarare za Basotu, zenye nyasi bora walizoziita muhajega, zililishwa wakati wa mvua, mifugo ilipohitaji kurejesha afya, kunenepa na kuzaa. Kiangazi kilipofika, mifugo iliondolewa na kupelekwa kwenye maeneo ya maji ya kudumu na miteremko, na nyasi za tambarare zikapata kupumzika. Uangalizi wa ardhi hiyo ulikuwa chini ya mabaraza ya jamii yenye uwezo wa kumtoza faini aliyekiuka utaratibu.

Kwa mpimaji aliyefika kiangazi, tambarare hizo zilikuwa tupu. Hapakuwa na ng'ombe, nyumba za kudumu wala mazao. Aliona ardhi isiyotumika, ilhali mbele yake kulikuwa na ardhi iliyokuwa ikipumzishwa kwa makusudi. Hapo ndipo kosa la kipimo lilipokuwa kubwa kuliko yote. Mashamba ya ngano yalichukua sehemu ndogo tu ya eneo zima la wilaya, na kwa asilimia ya ekari hasara ilionekana kuwa ndogo. Lakini ekari hizo zilikuwa kiungo cha mzunguko mzima. Kilipoondolewa, mifugo ilibaki muda mrefu zaidi katika malisho ya kiangazi, nyasi za huko zikakosa nafasi ya kuota upya, na ardhi ambayo haikulimwa hata tuta moja la ngano ikaanza kuchakaa. Kisha uchakavu huo ulitajwa kuwa ushahidi kwamba wafugaji huharibu mazingira.

Ndani ya mashamba yenyewe, ardhi iliyolimwa kwa mashine kubwa na kuachwa wazi kwa muda kati ya misimu ilikabiliwa na mvua kali. Makorongo yalijitokeza, na juhudi za kuyazuia kwa kulima kufuata kontua zilianza baada ya uharibifu kutokea. Hapa sayansi ilifanya kazi yake ya kujirekebisha, kwa kuwa udongo uliopotea ulionekana na ungeweza kupimwa. Malisho yaliyopotea nje ya mipaka ya shamba hayakupata mrekebishaji.

Kulikuwa pia na jambo lisiloweza kuandikwa kwa tani. Wabarabaig huwazika wazee wao mashuhuri kwa kuwajengea vilima vya udongo viitwavyo bung'ed, kwa sherehe inayochukua miezi. Makaburi hayo ni mahali pa ibada, na vilevile ni ushahidi wa ukoo fulani kuwa na historia katika ardhi fulani. Baadhi ya makaburi hayo yalibaki ndani ya mashamba, na mengine yakapitiwa na majembe ya matrekta. Kwa jamii isiyo na hati, kulima juu ya kaburi kulikuwa sawa na kufuta ukurasa wa daftari la ardhi.

6.0 Ushahidi Mbele ya Mahakama

Mgogoro huo ulipofika mahakamani, swali la kipimo lilijitokeza kwa jina jingine, yaani swali la ushahidi. Mwaka 1981 Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw pamoja na wanakijiji 67 waliishtaki NAFCO katika Mahakama Kuu ya Arusha, wakidai kwamba shirika hilo lilivamia ardhi yao. Mahakama Kuu iliwapa ushindi. NAFCO ilikata rufaa, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Ilielezwa kwamba halmashauri ya kijiji haikutoa ushahidi kuwa imegawiwa ardhi hiyo na Halmashauri ya Maendeleo ya Wilaya, kama taratibu chini ya Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975 zilivyotaka. Kuhusu wanakijiji binafsi, Mahakama ilieleza kwamba walipaswa kuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana iliyowekwa na sheria ya ardhi iliyorithiwa kutoka enzi ya ukoloni.

Uzito wa hukumu hiyo unaeleweka vizuri zaidi ikiwekwa kando ya historia iliyoelezwa hapo juu. Upande mmoja ulikuwa na ramani, mipaka iliyopimwa na takwimu za mavuno. Upande mwingine ulikuwa na kumbukumbu za malisho, makaburi na maneno ya wazee. Mfumo wa sheria ulikuwa na lugha ya kuusikiliza upande wa kwanza.

Hatua zilizofuata zilikuwa kali zaidi. Kwa Tangazo la Serikali Na. 88 la mwaka 1987, haki za ardhi za kimila zilifutwa katika vijiji vilivyoorodheshwa vya Mkoa wa Arusha, na amri ya namna hiyo ikaelekezwa baadaye kwa ardhi ya mashamba ya ngano. Malalamiko ya wananchi wa Hanang hayakukoma. Serikali iliunda tume iliyoongozwa na Jaji Robert Kisanga kuchunguza madai ya ukiukwaji wa haki za binadamu katika mashamba hayo, nayo ikatoa ripoti yake mwaka 1993. Katika mwaka huohuo Kanada ilihitimisha ushiriki wake katika mradi.

Mageuzi ya kisheria yalitokea nje kidogo ya mashamba ya ngano, lakini ndani ya Wilaya ya Mbulu ya wakati huo. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay, wa kijiji cha Kambi ya Simba ambacho leo kiko Wilaya ya Karatu, walipinga sheria ya mwaka 1992 iliyofuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa wakati wa Operesheni Vijiji. Tarehe 21 Desemba 1994, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Mahakama ilieleza pia kwamba jitihada aliyoiweka mmiliki katika ardhi inastahili ulinzi na fidia ya haki, hata pale ambapo hakuna maendelezo yanayoonekana.

Kauli hiyo ilifungua mlango ambao kesi ya Mulbadaw haikuukuta wazi. Ikiwa jitihada ni msingi wa mali, basi samadi iliyobebwa Kainam kwa vizazi ni mali. Bado hapo linabaki swali gumu la mfugaji. Jitihada yake ni kujizuia: kutolisha mahali fulani, katika mwezi fulani, ili nyasi ziote. Jitihada ya namna hiyo haiachi tuta wala ukuta. Bila takwimu za mzunguko wa malisho, mahakama ya kesho inaweza tena kuiona ardhi iliyopumzishwa kuwa ardhi iliyotelekezwa.

7.0 Mjadala

Mifano hii inatoa mafunzo matatu kuhusu matumizi ya sayansi na takwimu katika kukuza uzalishaji wa chakula.

La kwanza ni muda. Ngano ya Basotu ilipimwa kwa msimu, na msimu ndio uliokuwa kipimo cha bajeti na ripoti. Rutuba ya Irqwar Da'aw haionekani kwa kipimo cha msimu mmoja, kwa sababu ni zao la vizazi. Takwimu za uzalishaji endelevu, kwa hiyo, zinapaswa kuonesha hali ya udongo na maji kwa miongo, sambamba na mavuno ya mwaka.

La pili ni mipaka ya kitu kinachopimwa. Shamba lenye mpaka ni rahisi kupima, lakini mara nyingi si kitengo halisi cha uzalishaji. Kwa Wabarabaig, kitengo halisi kilikuwa mzunguko wa malisho, na kwa Wairaqw kilikuwa shamba, zizi na mtandao wa ng'ombe waliokopeshwa kwa pamoja. Takwimu iliyokata kipande kimoja cha mzunguko na kukihesabu peke yake ilikuwa sahihi kwa tarakimu na potofu kwa maana.

La tatu ni mgawanyo wa hasara. Wastani wa mavuno ya taifa hauoneshi nani aliyelipa gharama. Utafiti wa Vesa-Matti Loiske kuhusu kijiji cha Giting, katika miteremko ya Mlima Hanang, uliochapishwa mwaka 1995, ulitafuta mizizi ya mmomonyoko katika mahusiano ya kijamii na tofauti za uwezo kati ya kaya. Kaya yenye mifugo na nguvukazi iliweza kutunza udongo, ilhali kaya iliyolazimika kuuza nguvu zake kwa wengine haikuweza. Takwimu za kijiji kizima zingezificha kaya hizo mbili ndani ya namba moja.

Inaweza kupingwa kwamba hoja hii inaidhinisha mapokeo na kuikataa sayansi. Pingamizi hilo halina msingi wa kutosha. Waliofichua thamani ya muhajega na historia ya matuta ya Kainam walikuwa watafiti wenye ramani, vipimo na mahojiano, yaani wanasayansi. Aidha, mfumo wa Irqwar Da'aw ulikuwa na gharama zake. Ulidai kazi ngumu ya kila siku, na vijana wengi waliuacha walipopata ardhi mpya au ajira mijini. Wala haja ya ngano haijakwisha, kwani hadi leo sehemu kubwa ya ngano inayoliwa nchini huagizwa kutoka nje. Suala, basi, ni kuelekeza sayansi kwa maswali mapana zaidi, na kuwashirikisha wenye ardhi katika kuamua nini kihesabiwe.

8.0 Hitimisho

Insha imeonesha kwamba katika Mbulu na Hanang takwimu hazikuwa kioo kisicho na upande. Hesabu ya mifugo ya miaka ya 1940 na 1950 iliacha samadi na uhamaji, na hesabu ya ngano ya miaka ya 1970 na 1980 iliacha malisho ya mvua, makaburi na watu walioyategemea. Mahakama nazo zilipokea ushahidi kwa lugha ya vipimo hivyohivyo hadi uamuzi wa mwaka 1994 ulipotambua kwamba jitihada isiyoandikwa katika hati inaweza kuwa mali.

Baadhi ya mashamba ya NAFCO yalibinafsishwa baadaye, na sehemu ya ardhi ikarudishwa kwa vijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inavipa vijiji nafasi ya kupanga matumizi ya ardhi yao, na mpango wa matumizi ya ardhi ni aina mojawapo ya takwimu. Kijiji cha Hanang kinachoandaa mpango huo kiangazi, na kuandika "wazi" juu ya kila eneo lisilo na ng'ombe siku ya upimaji, kitarudia kosa la Basotu kwa mkono wake chenyewe. Kitakachouliza eneo hilo hulishwa mwezi gani, na nani, na kwa makubaliano gani, kitakuwa na data ambazo mradi wa miaka zaidi ya 20 haukuwahi kuzikusanya.